MIRATHI: Nyumba ya wazazi si mali ya anayeishi ndani yake

WAHENGA walinena kuwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Walimaanisha kwamba ugomvi wa ndugu haudumu.

Hata hivyo, ugomvi unaozuka baada ya wazazi kufariki na kuacha nyumba moja huweza kudumu miaka mingi mahakamani, na mavuno yakaishia kulipia mawakili.

Shamba laweza kupimwa na kukatwa vipande. Nyumba haikatiki. Mara nyingi ndugu mmoja huwa anaishi humo, mwingine ndiye aliyeificha hati miliki, na wa tatu anakusanya kodi ya vyumba vya nyuma. Kila mmoja hudhani kwamba alichoshika mkononi ndicho kinachompa haki.

Sheria haikubaliani naye.

Nchini Kenya, masuala haya huongozwa na Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1, 1981. Iwapo mzazi amefariki bila kuacha wosia na mwenzake yu hai, mjane au mgane huyo huchukua vyombo vya nyumbani na hupewa haki ya kuitumia nyumba muda wa uhai wake. Watoto hawawezi kumfukuza wala kuiuza. Yeye naye hawezi kuiuza bila idhini ya mahakama.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni jinsi nyumba ilivyosajiliwa. Ikiwa baba na mama walisajiliwa kuwa wamiliki wa pamoja wasio na mafungu tofauti, anapofariki mmoja nyumba yote humwendea aliyesalia. Haiingii kabisa katika mirathi ya aliyetangulia.

Wazazi wote wawili wanapokuwa wamefariki, kifungu cha 38 cha sheria hiyo huagiza kwamba mali igawanywe sawa kwa sawa miongoni mwa watoto. Mtoto aliyefariki kabla ya mzazi huwakilishwa na watoto wake, ambao hugawana fungu lake.

Hapa ndipo sheria inapokabiliana na mila. Miongoni mwa Waluo, kwa mfano, kitinda mimba wa kiume ndiye ambaye kwa desturi hubaki katika boma la wazazi. Katika jamii nyingi, binti aliyeolewa huhesabiwa kuwa wa kwao mumewe na hatarajiwi kudai chochote.

Sheria haitofautishi mwana na binti, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Mwaka wa 2005, Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya familia moja ambapo Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari tano kila mmoja, kwa hoja kwamba mabinti wangeweza kuolewa. Mahakama ya Rufaa ilitupilia mbali mgao huo. Katiba ya 2010 ilitilia mkazo msimamo huo kwa kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika desturi zinazohusu ardhi.

Marehemu akiwa na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwanza kwa kila nyumba kulingana na idadi ya watoto, na mke aliye hai akahesabiwa kama mtu mmoja wa ziada katika nyumba yake.

Kwa Waislamu, mgao hufuata sheria ya Kiislamu, ambapo fungu la mwana wa kiume ni maradufu ya lile la binti. Kesi zao huweza kusikizwa na Mahakama ya Kadhi iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake.

Je, nani anaruhusiwa kuishughulikia nyumba kabla ya mgao? Jibu ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama pekee. Wasimamizi hawapaswi kuzidi wanne.

Wanaoomba usimamizi huhitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, na matokeo ya upekuzi wa umiliki kutoka ofisi ya ardhi. Mali isiyozidi Sh20 milioni huweza kushughulikiwa na hakimu mkuu. Inayozidi kiasi hicho hupelekwa Mahakama Kuu.

Ombi hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kuliwasilisha. Kwa kawaida, miezi sita baada ya barua za usimamizi kutolewa, msimamizi hurudi mahakamani ili ziidhinishwe pamoja na orodha ya mgao.

Kabla ya idhini hiyo, nyumba haiwezi kuuzwa. Mnunuzi anayelipa mapema hujitia hatarini, kwani mauzo hayo huweza kubatilishwa. Anayeingilia mali ya marehemu bila mamlaka hutenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au zote mbili.

Dada aliyeachwa nje ya orodha hajapoteza haki yake. Anaweza kuiomba mahakama ifute usimamizi uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha ukweli. Kodi iliyokusanywa nayo ni mali ya marehemu, na msimamizi hutakiwa kuitolea hesabu.

Swali gumu zaidi hubaki: nyumba moja itagawanywaje kwa watoto wanne?

Njia ya kwanza ni kuithamini. Ikiwa thamani yake ni Sh8 milioni, kila fungu ni Sh2 milioni. Anayetaka kubaki humo huwalipa wenzake watatu jumla ya Sh6 milioni. Alichopewa na mzazi enzi za uhai wake kama sehemu ya urithi huzingatiwa pia katika hesabu hiyo.

Njia ya pili ni kuikodisha na kugawana kodi, huku majina ya wote yakisajiliwa kwa mafungu. Katika mpango huo, mmoja hawezi kuliuzia fungu lake mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana.

Njia ya tatu ni kuiuza na kugawana fedha. Hii ndiyo huumiza zaidi, hasa pale makaburi ya wazazi yalipo uani. Ndiyo maana familia nyingi huamua kulitenga boma la mashambani liwe la wote, na kugawana mali nyinginezo.

Makubaliano kama hayo huwezekana kwa urahisi zaidi mbele ya mpatanishi kuliko mbele ya jaji. Tangu 2016, mahakama zimekuwa zikiwaelekeza wahusika wa baadhi ya kesi za kifamilia kwa wapatanishi. Mapatano yakiafikiwa, huandikwa na kuwa amri ya mahakama.

Kinga bora zaidi, hata hivyo, iko mikononi mwa mzazi aliye hai. Wosia wa maandishi huhitaji sahihi yake na mashahidi wawili, ambao ni vyema wasiwe warithi. Ule wa mdomo hutambuliwa tu ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili, na mzazi akafariki kabla ya miezi mitatu kupita.

Wengi huahirisha jambo hili wakihofia kwamba kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Lakini mzazi anayenyamaza huwaachia watoto wake nyumba pamoja na swali, na mara nyingi swali hilo ndilo huwatenganisha.