Kutoka Mashine ya Ofisini hadi Okestra: Kompyuta za Mwanzo, Muziki na Swali la Hifadhi ya Sauti Buzwagi

Utangulizi

Historia ya muziki wa kielektroniki kwa kawaida huandikwa kama historia ya uvumbuzi: nani alibuni ala gani, na mwaka gani. Insha hii inachukua mkondo mwingine. Inadai kwamba mashine ya kazi huingia katika historia ya muziki si kwa upya wake, bali kwa mambo matatu: fundi mwenye ruhusa ya kuigusa, kanda inayohifadhi sauti yake, na mrithi anayeisikiliza kanda hiyo baadaye. Hoja hii inajengwa kwa kulinganisha kisa cha Isilandi na historia ya kompyuta nchini Tanzania, kisha inapimwa katika mgodi wa Buzwagi, Kahama, ambao uzalishaji wake ulianza mwaka 2009 na kukoma mwaka 2021.

Kompyuta inayoimba na kompyuta inayoimbwa

Ni vyema kutofautisha mambo mawili. Mwaka 1951 kompyuta ya Ferranti Mark 1 jijini Manchester ilipiga nyimbo fupi zilizorekodiwa na BBC. Mwaka 1957 Lejaren Hiller na Leonard Isaacson wa Chuo Kikuu cha Illinois waliitumia kompyuta kutunga muziki wa ala nne za nyuzi. Katika visa hivyo viwili mashine ni mtendaji. Ndiyo inayoimba au kutunga.

Kazi ya Jóhann Jóhannsson, IBM 1401, A User's Manual, iliyotolewa mwaka 2006, ni ya aina nyingine. Humo mashine ndiyo inayoimbwa. Kompyuta ya IBM 1401 ilifika Isilandi mwaka 1964, na baba wa mtunzi alikuwa fundi wa kuitunza. Fundi huyo aligundua kwamba kumbukumbu ya mashine ilitoa mawimbi ya sumakuumeme yaliyoweza kunaswa na redio iliyowekwa karibu. Akaipanga kumbukumbu hiyo ili mawimbi yatoe tuni. Mashine ilipostaafishwa mwaka 1971, sauti zake zilirekodiwa kwenye kanda. Miongo mitatu baadaye mwana alizichukua kanda hizo na kuziandikia muziki wa okestra ya nyuzi. Kwa hiyo muziki huo ni maombolezo: unaagana na mashine, na pia na kizazi cha watu walioitumikia.

Tanzania: mashine bila kanda

Tanzania haikuchelewa kuipata kompyuta. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya ICT 1500 mwaka 1965, yaani mwaka mmoja tu baada ya ile ya Isilandi. Tofauti ilianzia katika matumizi na hatima yake. Mashine ilikuwa chombo cha hesabu za serikali katika nchi yenye mafundi wachache na fedha chache za kigeni. Mradi wa hesabu hizo ulipokwama na kuleta hasara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Katika mazingira hayo kompyuta ilibaki katika kumbukumbu ya taifa kama gharama, wala si kama sauti.

Kompyuta iliwafikia wanamuziki kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1990, baada ya uchumi kulegezwa, studio za Dar es Salaam zilianza kuzalisha Bongo Fleva kwa kompyuta ndogo za mezani. Mchiriku ulitumia vinanda vidogo vya Casio, na kutoka humo na katika taarabu ukakua muziki wa singeli, ambao mkusanyo wake wa Sounds of Sisso ulitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mtayarishaji wa singeli haiombolezi kompyuta. Anaitumia kama mkulima atumiavyo jembe. Hilo si upungufu wa kisanaa. Ni matokeo ya historia ambamo mashine ya kwanza ilifungiwa ofisini na ya pili ikafika mtaani bila mzazi anayekumbukwa.

Hata hivyo, usikivu wa aina ya Isilandi umekwisha kuonekana Afrika Mashariki. Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU, alitumia maikrofoni za kunasa mawimbi ya sumakuumeme katika kazi yake Natur ya mwaka 2024. Yeye pia ni mrithi: amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake, mwanamuziki wa Kikikuyu mwenye jina hilohilo.

Buzwagi: jembe, kinu na ukimya

Katika nchi ya Wasukuma, kazi na muziki havijawahi kutengana. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Mapigo yake yalipanga mwendo wa kundi la walimaji shambani. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha kwamba nyimbo hizo ni hifadhi ya historia. Mgodi mkubwa ulileta mapigo mengine: vinu vya kusagia mawe, dampa, ving'ora vya zamu. Mapigo hayo hayakupangwa na kundi linaloimba, bali yalipangwa na mitambo.

Itapingwa kwamba kelele za mgodi hazistahili kumbukumbu, kwa kuwa kwa jirani wa mgodi zilikuwa kero. Pingamizi hili lina uzito, lakini linachanganya kuhifadhi na kusifu. Kanda ya kinu huweza kuwa ushahidi wa kero kama inavyoweza kuwa malighafi ya okestra. Aliyeondolewa ardhini na aliyelipwa mshahara wote wana sababu ya kuitaka. Isipokuwepo, vizazi vijavyo vitaujua mgodi kwa takwimu za wakia na mrabaha pekee.

Hitimisho

Kisa cha Isilandi kinafundisha kwamba wakati wa kurekodi ni pale mashine inapozimwa, si pale mtunzi anapozaliwa. Tanzania iliupitisha wakati huo katika kompyuta zake za kwanza. Katika ukanda wa dhahabu makarasha ya wachimbaji wadogo bado yanaunguruma, na waliofanya kazi Buzwagi bado wanaweza kueleza kila mlio ulimaanisha nini. Kwa hiyo, mtafiti wa historia ya muziki aanze na fundi kabla ya kumtafuta msanii.