Bunduki ya Mitutu Miwili na Nia ya Misa



Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Juma lililopita, tulipokuwa tukipokea bahasha za nia za Misa, mama mmoja alibaki nyuma hadi wenzake walipoondoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, aliyejitoa uhai mwenyewe, naye huandikwa?" Nikakumbuka mazishi ya jirani yetu kijijini nilipokuwa mtoto: hapakuwa na padri wala kengele, na wazazi walitukataza hata kusogea. Leo naomba nimjibu mama yule kwa kisa cha bunduki moja.

Mwenye bunduki hiyo alikuwa Ernest Hemingway, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa tarehe 21 Julai 1899. Baba yake, daktari, alimfundisha kuwinda tangu utotoni. Daktari huyo alijiua kwa risasi mwezi Desemba 1928, na mwanawe akaubeba uchungu huo maisha yake yote. Mwaka 1927 Hemingway alikuwa amefunga ndoa na Pauline Pfeiffer katika Kanisa Katoliki mjini Paris, akajihesabu kuwa Mkatoliki. Hakuwa mfano wa Mkristo bora: alioa mara nne. Lakini alipopata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1954, medali yake aliitoa kwa Bikira Maria wa El Cobre, msimamizi wa Cuba.

Nchi yetu aliifahamu. Desemba 1933 yeye na Pauline waliteremka melini Mombasa, wakaongozwa na Philip Percival, mwindaji aliyekuwa na shamba Machakos. Waliingia Tanganyika, wakapita Serengeti na Ziwa Manyara. Wanyama wakubwa huwindwa kwa raifoli. Bunduki inayorusha marisau ni ya ndege: kanga, kwale na bata. Januari 1934 alishikwa na kuhara damu, ikabidi asafirishwe kwa ndege hadi Nairobi. Kutokana na safari ile kulitoka kitabu *Green Hills of Africa* mwaka 1935, na mwaka 1936 hadithi yake mashuhuri kuhusu theluji ya Kilimanjaro.

Alirudi mwaka 1953. Januari 1954 ndege aliyopanda ilianguka Uganda, karibu na maporomoko ya Murchison. Ndege ya pili, iliyokuja kuwachukua, ikashika moto Butiaba, naye akaubomoa mlango kwa kichwa ili atoke. Magazeti yalikwisha kutangaza kifo chake, naye akaisoma habari hiyo akiwa hai. Watu wakacheka, wakisema hauawi na kitu. Lakini aliumia vibaya kichwani na mwilini, na tangu hapo afya yake haikurejea.

Mwishoni mwa mwaka 1960 alilazwa katika hospitali ya St. Mary's, Rochester, Marekani, iliyoanzishwa na masista Wafransisko. Aliingiwa na huzuni nzito, akiamini kwamba anafuatiliwa na kwamba ameishiwa fedha. Kilichomuumiza kupita yote ni kwamba hakuweza tena kuandika. Alitibiwa, akaruhusiwa, akarudishwa, akaruhusiwa tena. Nyumbani, Ketchum, silaha zilikuwa zimefungiwa, ila funguo zilibaki mahali alipopajua. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 1961 alifariki kwa bunduki yake ya mitutu miwili.

Mkewe, Mary, alitangaza kuwa ni ajali. Miaka kadhaa ilipita kabla hajaukiri ukweli hadharani. Tusimhukumu. Ni familia ngapi kati yetu zimesema "ni malaria" au "ni presha", kwa kuogopa macho ya watu?

Bunduki yenyewe ilipelekwa kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, ikakatwa vipande na kufukiwa. Kwa miaka mingi ilisemekana kuwa ilitengenezwa na Boss wa London. Mwaka 2010 watafiti watatu, wakitumia vipande vichache vilivyosalia, walitoa hoja kuwa ilikuwa ya W. & C. Scott & Son wa Birmingham. Chuma kilifukiwa, uchungu haukufukika. Mdogo wake Leicester alijiua mwaka 1982, na mjukuu wake Margaux alifariki vivyo hivyo mwaka 1996.

Na Kanisa je? Sheria ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa makusudi. Hata hivyo, tarehe 5 Julai 1961 padri Mkatoliki alisali kando ya kaburi la Hemingway. Sheria ya mwaka 1983 iliondoa katazo hilo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2280 hadi 2283, inafundisha mambo mawili kwa pamoja: uhai ni wa Mungu, hatuna mamlaka ya kuuondoa; lakini ugonjwa wa akili, hofu au mateso makali hupunguza uwajibikaji wa mtu, na hatupaswi kuukatia tamaa wokovu wake. Mungu ana njia zake za kumfikia, na Kanisa huwaombea watu hao.

Basi mama, jina la mwanao tumeliandika. Litasomwa kwa sauti ileile kama mengine.

Nanyi mliobaki, sikilizeni kisa cha zile funguo. Mwenzenu akilemewa na huzuni, msimwache peke yake, na msiseme anajidekeza. Mpelekeni hospitali, nendeni naye. Silaha na sumu za shambani ziondoeni nyumbani kabisa, zisifungiwe tu. Na wewe unayesoma haya huku moyo umekuelemea, usisubiri Dominika. Mwambie mtu leo. Mlango wa nyumba ya mapadri uko wazi, hata usiku.

Nawatakieni Dominika njema. Tuwaombee marehemu wetu wote, bila kumbagua hata mmoja.