Ganzi ya Goti katika Mji wa Shaba

Mwaka 1910, reli iliyopanda kutoka kusini ilipofika katika nyika za Katanga, ulizaliwa mji wa Élisabethville, ambao leo twauita Lubumbashi. Na mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière likamimina shaba yake ya kwanza. Historia ya mji huu aghalabu husimuliwa kwa tani za madini, ilhali wachimbaji na wachukuzi waliilipia shaba hiyo kwa viungo vyao, na goti ni miongoni mwa viungo vya mwanadamu vistahimilivyo uzito na taabu nyingi. Ni haki basi kuuliza jinsi tabibu alivyojifunza kulipasua goti pasipo kumtesa mwenyewe.

Mji ulipozaliwa, elimu ya ganzi nayo ilikuwa changa. Mwaka 1884 Carl Koller alithibitisha mjini Vienna kwamba kokeini huondoa hisi za jicho; na mwaka 1898 August Bier, huko Kiel, akaitia dawa hiyo katika maji yauzungukayo uti wa mgongo, mgonjwa akapasuliwa mguu asihisi maumivu. Baadaye zikaja dawa zenye madhara machache: prokaini mwanzoni mwa karne ya 20, lidokaini katika miaka ya 1940, kisha bupivakaini, ambayo ganzi yake hudumu saa nyingi.

Sindano ya mgongo yataka dawa kidogo na haihitaji mtambo wa thamani, ndiyo sababu imekuwa tegemeo la hospitali nyingi za Kongo hata leo. Lakini huilegeza miguu yote miwili, huweza kushusha shinikizo la damu, na faraja yake hukoma baada ya saa chache, maumivu yakarejea usiku ule ule. Kwa ajili hiyo matabibu waliuelekea mshipa mkubwa wa fahamu upitao kinenani, wakautia ganzi peke yake: maumivu ya mbele ya goti yalipungua sana, ila msuli wa paja nao ukadhoofika, na mgonjwa ajaribuye kusimama akawa katika hatari ya kuanguka. Njia iliyoenea katika karne hii hushuka hadi kwenye mfereji wa katikati ya paja, ambako mishipa mingi iliyobaki ni ya hisi kuliko ya nguvu. Na kwa kuwa haifiki nyuma ya goti, huko huongezwa sindano nyingine, zote zikiongozwa na picha za mawimbi ya sauti.

Kwangu mimi, mizani ya njia hizi ni moja: ni ipi imwondoleayo mgonjwa maumivu na kumwachia nguvu za kusimama? Goti lisilokunjwa mapema hukakamaa, na damu ya alalaye muda mrefu huweza kuganda mishipani.

Hospitali ya Jason Sendwe, mjini Lubumbashi, imepewa jina la mtu aliyekuwa tabibu msaidizi kabla ya kuongoza chama cha siasa cha Balubakat, katika zama ambazo cheo hicho kilikuwa upeo wa Mkongo katika fani ya utabibu. Kikwazo hicho kimekwisha, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho asili yake ni chuo kilichofunguliwa hapa mwaka 1956, hufunza matabibu kamili. Wajibu wetu sasa ni kuwapa mtambo wa picha za mawimbi ya sauti, dawa na mazoezi ya sindano hizi, ili mjukuu wa mchimbaji asilazimike kuchagua baina ya raha ya usiku mmoja na uwezo wa kutembea kesho yake.