Usukani: Neno la Chombo Lililopanda Bara Hadi Pumwani

Mvuta makasia huipa safari mgongo. Kasia huegemezwa ubavuni mwa mashua, mvutaji hukaa akitazama tezi, hujivuta kwa nguvu, na chombo kikaenda kule asikokuona. Mwenye kafi ni mtu mwingine kabisa: kafi halifungwi popote, hushikwa kwa mikono miwili, naye hutazama aendako. Ndiyo maana mtumbwi wa kafi huweza kwenda bila usukani, kwa kuwa aliyekaa tezi huugeuza kwa kafi lake. Mashua ya makasia mengi haina bahati hiyo. Kwa kawaida huhitajika mmoja wa kutazama omo kwa niaba ya wenzake. Hata kwenye Olimpiki, mashua kubwa ya wavutaji 8 hubeba watu 9, na huyo wa tisa hana kasia. Kazi yake ni usukani, na kupaza sauti.

Neno usukani lenyewe lilitoka kwa Waarabu, na watu wa pwani wakalipokea pamoja na rubani. Nahodha wakampata kwa Waajemi. Chomboni kila jina lilikuwa na mahali pake. Usukani ni ule ubao wa nyuma ulio ndani ya maji. Mti anaoushika baharia ili kuugeuza ubao huo huitwa kana. Mkono uko kwenye kana, usukani uko majini.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na maneno haya yakapanda bara na wenyewe. Watu wa pwani na Waislamu wengine, wakiwemo wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, walijenga vijiji vyao pembeni mwa mji mpya. Kimoja kiliitwa Mombasa. Kingine kiliitwa Pangani, jina la mji wa bandari ulioko Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipima viwanja Pumwani na kuanza kuvunja vijiji hivyo. Pangani ilivumilia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Huko Pumwani, mtaani Majengo, watu wa pwani walijenga kama kwao: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mpaka leo Pumwani ina Barabara ya Digo, na Msikiti wa Riyadha una jina lile lile la msikiti mashuhuri wa Lamu. Majirani waliotoka Ukambani, Ugikuyuni na Nyanza walikuta Kiswahili hicho mtaani wakakifanya chao, maneno ya bahari yakiwemo, ingawa bahari yenyewe iko umbali wa kilomita 480 hivi.

Garimoshi lililolileta neno halina usukani. Reli ndiyo huliongoza. Neno lilisubiri magari. Yalipokuja, likahama kutoka kwenye ubao wa majini likakaa kwenye gurudumu analolishika dereva, yaani pale pale palipokuwa pa kana. Kana ikakosa kazi, ikasahaulika bara. Leo fundi wa magari wa Shauri Moyo huenda akakwambia “steringi”, lakini taarifa ya habari ikisema dereva alishindwa kudhibiti usukani, hakuna Pumwani asiyeelewa. Rubani naye alipata makao jirani. Yule aliyekuwa akiongoza vyombo kati ya miamba sasa alirusha ndege kutoka kiwanja cha Eastleigh, ambacho kilikuwa kiwanja kikuu cha Nairobi hadi Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958.

Ukitaka kuona mpango wa zamani wa makasia, nenda soko la Gikomba asubuhi marobota ya mitumba yanapoondoka. Mkokoteni umejazwa mpaka juu. Wawili wako nyuma, vichwa chini, mikono kwenye robota, hawaoni kitu ila gunia lililo mbele ya pua zao. Aliye mbele, kati ya mikono miwili ya mkokoteni, ndiye macho yao: hukwepa shimo, huulalisha mzigo upande, hupiga kelele watu wapishe. Hana usukani wa chuma wala wa mbao, lakini kazi anayoifanya ni ile ile ya mashuani.

Kutoka hapo si mbali kufika uwanja wa Kamukunji, ambako neno hili limetumika kwa maana kubwa zaidi. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, watu walikusanyika hapo kudai vyama vingi ingawa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku, na polisi wakawatawanya. Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kiliondolewa. Tangu hapo kila uchaguzi huja na watu wanaotaka kushika usukani wa nchi. Naona tumelidhoofisha neno. Magazetini limekuwa sawa na kukalia kiti, wakati kwa wavutaji lilimaanisha kwamba wao hawaoni mbele na yeye anaona. Wahenga walionya pia kuhusu wingi wa vyeo: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kasia lenyewe bado liko hai nchini. Asiya Mohammed wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili utotoni katika ajali ya treni, aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akivuta peke yake kwa mikono na mabega, mita 2,000, bila mtu wa usukani.

Lakini majina ya sehemu za chombo yanakwisha. Msomaji wa Majengo au Shauri Moyo, kama nyumbani kwenu yupo babu au bibi aliyekulia pwani, mwombe akutajie tezi, omo, kana, kafi na mengine anayoyakumbuka. Yaandike daftarini, na tarehe uiweke.