Harry Truman: Jaji wa kaunti aliyebebwa na chama, kisha akagoma kugawa zabuni

Kabla ya kuwa Rais wa 33 wa Marekani, Harry S. Truman aliitwa "Jaji" kwa miaka 10. Hakuwa wakili, hakuwa na shahada ya sheria, na kazi yake haikuwa kusikiliza kesi za wizi wala mirathi. Kiti hicho alikipata kwa tiketi ya chama cha Democratic, tena kwa kusimamishwa na bosi wa siasa ambaye baadaye aliishia jela.

Wengi wanamfahamu Truman kwa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Miaka yake ya ujaji katika Kaunti ya Jackson, jimbo la Missouri, haizungumzwi sana, lakini ndiyo iliyomtengeneza. Na ndiyo iliyompa swali lililomnyima usingizi: mtu akibebwa na wala rushwa, atabaki msafi mpaka lini?

Jaji wa namna gani?

Jina lisikuchanganye. Missouri ya wakati huo kila kaunti iliongozwa na kitu kilichoitwa "mahakama ya kaunti", lakini kiuhalisia ilikuwa halmashauri. Jackson ilikuwa na majaji 3: mmoja wa mashariki, upande wa mashamba na mji wa Independence, mmoja wa magharibi, yaani Kansas City, na jaji kiongozi aliyechaguliwa na kaunti nzima.

Hao watatu walipanga bajeti, walijenga barabara na madaraja, walisimamia makazi ya wazee maskini na kuajiri watumishi wa kaunti. Kwa msomaji wa Kenya, kazi hiyo iko karibu zaidi na ya gavana wa kaunti kuliko ya jaji. Kesi zenyewe zilikwenda kwa majaji wengine, nao pia siku hizo walichaguliwa kwa kura za vyama.

Ukiangalia vizuri utaona kwa nini kila mwanasiasa alikitaka kiti hicho. Barabara maana yake zabuni, na ajira maana yake kura.

Duka limefungwa, siasa inabisha hodi

Truman alirudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa kapteni wa mizinga. Mwaka 1919 yeye na rafiki yake Eddie Jacobson walifungua duka la nguo za wanaume mtaa wa 12, Kansas City. Uchumi ukaanguka, na mwaka 1922 duka likafa. Madeni yake aliendelea kuyalipa kwa miaka mingi.

Akiwa na miaka 38 na mfukoni hakuna kitu, akafuatwa na familia ya Pendergast. Kijana wao mmoja, Jim, alikuwa jeshini pamoja naye. Baba yake Jim, Mike Pendergast, alikuwa akisimamia siasa za upande wa mashariki kwa niaba ya mdogo wake Tom, bosi mkubwa wa Democratic pale Kansas City.

Ndani ya chama hicho kulikuwa na kambi mbili zilizochukiana: "Mbuzi" wa Pendergast na "Sungura" wa Joseph Shannon. Truman akawa mgombea wa Mbuzi. Kura ya mchujo ya mwaka 1922 aliishinda kwa tofauti isiyofika kura 300. Januari 1923 akaapishwa kuwa jaji wa mashariki.

Alifanya kazi, deni la kaunti likapungua. Jioni alisoma sheria chuoni Kansas City, ingawa hakumaliza. Lakini mwaka 1924 Sungura waliona bora kiti kiende chama pinzani kuliko kibaki kwa Mbuzi, wakampigia debe Henry Rummel wa Republican. Ku Klux Klan nao walimpiga vita. Inasimuliwa kwamba miaka miwili nyuma Truman alikaribia kujiunga na kundi hilo ili apate kura, akaachana nalo alipotakiwa kuahidi kutowaajiri Wakatoliki, maana askari wengi aliowaongoza vitani walikuwa Wakatoliki. Kukaribia tu ni doa, na halijafutika katika historia yake.

Akapigwa chini. Katika maisha yake yote ya siasa, huo ndio uchaguzi pekee aliowahi kushindwa. Akaanza kuuza uanachama wa klabu ya wenye magari ili familia ile.

Kurudi, na hatifungani za barabara

Mwaka 1926 alitaka cheo cha mkusanya kodi, kwa sababu kililipa vizuri. Tom Pendergast alishakiahidi kwa mtu mwingine, akampa ugombea wa jaji kiongozi. Safari hii Mbuzi na Sungura hawakutibuana, na Truman akashinda kwa urahisi. Mwaka 1930 akashinda tena.

Barabara za Jackson zilikuwa aibu. Utawala uliopita ulizimwagia tabaka jembamba juu ya udongo, zikawa zinapasuka kama ukoko. Truman aliwapa wahandisi wawili kazi ya kuzikagua, mmoja Democratic na mwingine Republican, ili pasiwe na wa kusema ni mradi wa chama. Kisha akaenda kwa wananchi kuomba ruhusa ya kukopa dola milioni 6.5 kwa hatifungani.

Pendergast hakuamini kama watu watakubali. Truman alizunguka kaunti nzima akiahidi kitu kimoja: zabuni itakwenda kwa mwenye bei ya chini, awe nani awe. Kura zilipigwa tarehe 8 Mei 1928, siku aliyotimiza miaka 44, na wakampitishia.

Kazi ya kwanza, yenye thamani ya dola 400,000 hivi, ikaenda kwa kampuni ya jimbo la South Dakota. Makandarasi wa Kansas City waliozoea kupewa bila jasho wakakimbilia kwa bosi. Pendergast, ambaye mwenyewe alikuwa na kampuni ya zege, akamwita Truman ofisini mbele yao. Truman akasema msimamo wake ni uleule. Bosi akawaambia makandarasi jamaa huyu ni mkaidi, waende zao.

Kwa nini Pendergast alikubali? Huenda aliona mbali: jaji mmoja msafi aliyejenga barabara nzuri alikuwa tangazo la bure kwa mtandao mzima. Kufikia mwisho zilikuwa zimejengwa takriban maili 224 za zege, karibu kilomita 360. Barabara moja ilikata shamba la mama yake kule Grandview, naye hakulipwa fidia kwa sababu mwanawe ndiye aliyekuwa jaji.

Aliyoyaandika hotelini

Hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa nyepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Truman alikuwa akijificha katika hoteli ya Pickwick, Kansas City, akiandika mambo yaliyomkaa rohoni. Karatasi hizo zimehifadhiwa.

Humo anakiri kwamba alifumba macho rafiki mmoja wa bosi akachota dola kama 10,000 za kaunti. Sababu anayoitoa: majaji wenzake walitaka chao, na kama asingeachia hizo, wezi wangefikia mamilioni ya hatifungani. Halafu anajiuliza kama yeye ni kiongozi kweli au ni mwizi mwingine tu anayekubali kuelewana ili kazi iende. Hakujipa jibu.

Mwenyewe hakutajirika. Mwaka 1940, akiwa tayari seneta, shamba la familia yake lilichukuliwa na kaunti ileile aliyoiongoza, kwa sababu ya mkopo ambao haukulipwa. Lakini pia hakuwahi kumkana Pendergast, na watu walilijua hilo.

Kutoka kaunti hadi Washington

Mwaka 1934, kipindi chake kikielekea ukingoni, Pendergast alimpa nafasi ya kugombea Seneti baada ya wengine kukataa. Wingi wa kura alizopata Jackson ulizua maneno mengi. Mwezi Machi mwaka huohuo, uchaguzi wa jiji la Kansas City ulimalizika watu 4 wakiwa wameuawa. Baada ya uchaguzi wa 1936, zaidi ya watu 250 walitiwa hatiani kwa wizi wa kura. Washington wakawa wanamwita seneta wa Pendergast.

Bosi mwenyewe alikiri kukwepa kodi mwaka 1939, akafungwa Leavenworth. Alipofariki Januari 1945, Truman alikuwa na siku chache tu katika umakamu wa rais. Washauri wangependa akae mbali. Yeye akapanda ndege akaenda kuzika. Tarehe 12 Aprili mwaka huo akawa rais.

Kilichobadilika baada yake

Uchafu wa Kansas City uliwachosha wapiga kura wa Missouri. Mwaka 1940 walipitisha utaratibu mpya kwa mahakama za juu za jimbo na mahakama za kesi za St. Louis na Jackson: tume inapendekeza majina, gavana anateua, kisha wananchi wanapiga kura kama jaji abaki au aondoke, bila jina la chama kwenye karatasi. Majimbo mengine mengi yaliiga. Hata hivyo, katika kaunti nyingi za Missouri majaji bado wanagombea kwa tiketi ya chama mpaka leo.

"Mahakama ya kaunti" ya Jackson ilivunjwa mwaka 1973, ikaja serikali ya kaunti yenye mtendaji na baraza lake. Jengo la mahakama ambalo Truman alisafiri maelfu ya maili kutafuta mfano wake, mpaka akaupata Shreveport, Louisiana, lilifunguliwa Desemba 1934 na lingali limesimama. Liko mtaa wa 12, uleule ambao duka lake la nguo lilifilisika.