Mtu wa Miaka 99

Tangu niache chuo, kazi inayonilipia rent ni kuingiza data za tasnifu za watu wengine. Unaletewa hojaji 200 kwa bahasha ya kaki, unafungua SPSS, unaanza. Lakini kabla ya jibu la kwanza, lazima uieleze programu kila swali linaitwaje na kila nambari inasimamia nini. Mwanaume 1, mwanamke 2. Asiyejibu, 99. Kisha uiambie wazi kwamba 99 si jibu.

Siku moja nilisahau hiyo hatua ya mwisho. Watu 20 walikuwa wameruka swali la umri, na mashine ikawahesabu kama wazee wa miaka 99. Wastani ukatoka 30 hadi karibu 37. Mwenye kazi, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akisoma uzamili jioni, alikuwa ashaandika sura nzima juu ya hiyo 37.

Hiyo wiki ndiyo nilianza kuuliza: huu utaratibu ulitoka wapi?

Ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka wa 1968. Norman Nie alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa mwenye rundo la majibu ya watu na hana programu ya kuyachambua vizuri. Akaungana na Dale Bent na Hadlai Hull, wakaandika SPSS kwa ajili ya watafiti wa jamii. Enzi hizo data ilitobolewa kwenye kadi zenye safu 80. Ukikosea safu moja, umri unasomwa kama mshahara. Mwongozo wao ulichapishwa 1970, na mtu ambaye hajui kuandika programu akaweza kufanya hesabu zake mwenyewe. Kampuni ilisajiliwa 1975. Mwaka wa 2009 IBM ikainunua kwa dola bilioni 1.2.

Hapo ndipo msee wa kawaida anaachwa nje, maana leseni si ya mfuko wa mwanafunzi. Jibu lilitoka Auckland, New Zealand, ambako Ross Ihaka na Robert Gentleman walitunga R miaka ya tisini. Mwaka wa 1995 wakaiachilia bure, yeyote aichukue, aifungue, airekebishe.

Nilipoijaribu, kitu kimoja kilinishika. Katika R, jibu lisilokuwepo huandikwa NA. Ukiomba wastani wa safu yenye NA hata moja, haikupi nambari. Inakurudishia NA, mpaka useme mwenyewe kwamba umekubali kuwaacha hao watu nje. Yaani huwezi kuwasahau kimyakimya.

Nilimpigia mwalimu simu. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo 37 ni makosa yangu." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwani hao 20 hawakutaka kusema umri kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimrudishia doo yake, tukakaa usiku mbili tukirekebisha majedwali.

Siku hizi nikipokea bahasha, nahesabu kwanza walioacha nafasi wazi. Halafu namuuliza mwenye kazi swali la mwalimu.