Kangaga la Mikokoni na Shoka la Boriti

Mto Pangani, uanzao safari yake katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, huingia baharini baina ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni ukiwa umekwisha kuchanganyika na chumvi. Na katika tope la mchanganyiko huo, nyuma ya mikoko na michu, ndipo liotapo kangaga ambalo maulamaa wa mimea huliita Acrostichum aureum, lenye majani magumu yaliyosimama hata kumpita mtu kimo, na ambalo likikomaa, vijani vyake vya nchani hufunikwa upande wa chini na vumbi la uzazi lenye rangi ya kutu.

Ukoo wake leo ni mdogo mno, ilhali hapo awali ulikuwa mkubwa. Linnaeus, mwanachuoni wa Sweden, alipoutia kitabuni mwaka 1753, aliitazama zaidi alama moja, yaani vumbi kutanda chini ya jani pasipo kujipanga kwa mistari wala vidoa, na kwa alama hiyo yakakusanywa pamoja makangaga yasiyo na nasaba moja. Basi waliomfuata wakawa na kazi ya kuyatoa, haya wakiyaita Platycerium mwaka 1827, yale Bolbitis, mengine Elaphoglossum, hata nyumba iliyojaa wageni ikabakiwa na wenyeji watatu wanaokubaliwa na wengi. Wawili walipata majina yao mwaka 1810: Acrostichum danaeifolium la Amerika, tangu Florida kushuka kusini, na Acrostichum speciosum la Asia ya kusini mashariki na kaskazini ya Australia, listahimililo zaidi maji ya kujaa. La kwetu ndilo lililoenea kuliko yote, likizunguka nchi za joto za dunia nzima. Ajabu kubwa kwangu ni kwamba uchunguzi wa nasaba wa miaka ya karibuni umeliweka ubavuni mwa Ceratopteris, kangaga la maji baridi liotalo hata katika majaruba ya mpunga.

Lakini habari za kangaga hili hazitengani na za mikoko linayoota nyuma yake. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko na mikandaa, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe, huku kwetu na ng'ambo, ukafuata urefu wa boriti hizo. Shehena kubwa zilitoka Rufiji na Lamu. Lakini kila palipokuwa na mikoko palikuwa na shoka, kwa ujenzi, kwa kuni, kwa kuchomea chokaa. Na kivuli cha mikoko kikiondoka, kangaga hili, lipendalo jua, huitwaa nafasi upesi, likasongamana hata miche ya mikoko ikakosa mwanga. Watu hulilaumu kwa hayo, nami naona lawama hiyo si ya haki, kwa maana halikati mti. Hukaa palipokwisha kukatwa, na aghalabu msitu wake mnene ni ushahidi wa biashara iliyopita.

Serikali ya Waingereza iliitangaza mikoko kuwa hifadhi baina ya mwaka 1928 na 1932, na mwaka 1987 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku ukataji wake. Hata hivyo, pale kangaga lilipokwisha kutamalaki, marufuku peke yake hairejeshi mikoko: atakaye kuipanda hana budi kulifyeka kwanza, na kulifyeka tena linapochipua, mpaka miche ilipite kimo.